Baa Isiyouza Pombe

Wafugaji wa kuku wa Kiamunyi walimjua Wachuka, Mama Abby, kwa mambo mawili: chakula cha kuku alichouza hakikuwa na mchanga, na mdomo wake haukuwa na breki. Basi ungemwona siku hiyo kwenye benchi la benki mjini Nakuru, mkoba magotini, ametulia kama mtu anayesubiri kuombewa, ungedhani si yeye. Ndani alikuwa anachemka.

Akaunti ya biashara yake ilikuwa imefungwa. Pesa za wateja ziliingia vizuri tu, ila kutoa hata shilingi, hapana. Kuna mtu alikuwa amelalamika kwamba ni akaunti ya matapeli. Nani huyo? Benki ilisema haiwezi kumtaja, na kwamba jambo lenyewe sasa liko kwa wasimamizi wa mabenki huko Nairobi. Alipowapigia hao wasimamizi, dada mwenye sauti ya asali alimwambia aanze na benki yake. Walikuwa wamempiga danadana namna hiyo kwa wiki kadhaa, na wote walikuwa na adabu zao. Hizo adabu ndizo zilizomuudhi zaidi.

"Mathe, case iko under review," akasema Kipyegon, kijana wa dirishani. "Hata mimi siwezi touch hiyo account."

"Na kuku nao wako under review? Wataacha kula?"

Kipyegon akacheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

Wachuka hakuwa anatania. Lori la chakula lilikuwa lije Jumamosi, na mwenye kinu hakushusha gunia kabla ya kulipwa. Stoo ilikuwa imebaki vumbi tupu. Kuku wa mayai akilala njaa anaacha kutaga, na mfugaji hasahau aliyemfikisha hapo. Wateja wangehamia kwa yule jirani anayechanganya pumba na maombi, na kuwarudisha ingekuwa kazi.

Ijumaa Mzee Gathogo akaingia dukani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti na kofia hata jua likiwaka, mteja wa kila Jumamosi. Akatoa noti alizozikunja ndani ya leso.

"Bado ni cash, mzee? Na leo umekuja mapema."

"Simu nimenyang'anywa," akasema kwa uchungu. "Sue wangu alikuja mwisho wa mwezi, akapitia mesej, akaenda nayo Nairobi. Ati kuna baa inaniibia pesa kila Jumamosi. Ameshtaki mpaka juu. Akaniuliza, baba, unajua hii baa? Nikamwapia, mimi sijui baa hata moja!"

Wachuka akashika kiuno. Kisha akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Duka hilo lilikuwa baa ya marehemu mumewe, Kihara. Alipofariki, Wachuka alitoa kreti akaingiza magunia, lakini akaunti na namba ya kulipia zilibaki vilevile. Kila aliyelipa kwa simu alijibiwa kwamba amelipa KIHARA JAMBO BAR. Wateja walishazoea, wengine wakiuliza kwa utani nyama choma iko wapi. Mzee Gathogo peke yake hakujua, maana macho yake yalikuwa yamechoka kusoma maandishi madogo. Wachuka ndiye aliyemwandikia namba kwenye simu, yeye akaweka namba yake ya siri, basi.

"Mzee, hiyo baa ndiyo hii umesimama ndani," akamwambia. "Leo sina hata kilo ya kukuuzia. Shika simu yangu, mpigie Sue."

Sue hakuamini neno. Alisema atakuja mwenyewe kesho, na ole wao wakimgusa baba yake.

Jumamosi akafika na uso wa vita. Akamkuta babake kwenye kigoda akinywa chai. Akachungulia nyuma ya kaunta, akaona mizani na picha ya kifaranga. Nje lori lilikuwa limeshafika, na dereva akapiga honi: apewe pesa, au aende Njoro, kuna mwenye haja.

"Sawa, wewe si mwizi," Sue akasema. "Nitaondoa complaint saa hii. Lakini kwanza uniahidi utabadilisha hilo jina. Baba ni mzee wa kanisa, Mama Abby. Watu watasema nini?"

Lilikuwa ombi rahisi. Wachuka akalitazama lori. Angesema ndiyo tu, yaishe.

"Hapana," akasema.

"Kwani ni nini? Si ni baa tu!"

"Kihara ni bwanangu. Watu walikuja wakazika, wakala, wakarudi kwao. Sasa hakuna anayemtaja, hata ndugu zake. Lakini mtu akinunua chakula cha kuku hapa, simu inalia, jina lake linatokea. Kila siku, Sue. Nikilitoa hapo, nitaliona wapi tena?"

Alimkasirikia Sue kwa kumsemesha hayo, na alijionea huruma pia. Mzee Gathogo akavua kofia.

Uso wa Sue ukalegea.

"Line ya marehemu mama bado naiwekea kredo," akasema polepole. "Ili wasiifunge. Sijawahi kuipigia."

Akatoka mlangoni, akawaandikia wasimamizi wa Nairobi, kisha akaipigia benki. Kipyegon ndiye aliyekuwa kwenye zamu.

"Naondoa ile complaint," wakamsikia akisema. "Ndiyo, ni baa. Ndiyo, baba yangu hulipa hapo kila Jumamosi. Tumeelewana?"

Haikufika saa sita, akaunti ikafunguka. Wachuka akamlipa dereva, na magunia yakaanza kushuka. La kwanza likawekwa miguuni pa Mzee Gathogo.

Sue akafungua mkoba amlipie. Babake akamzuia, akanyoosha mkono.

"Lete simu yangu," akasema. "Nataka kumlipa Kihara."