Likizo ya Rosebella

Sheria ilikuwepo, msiseme haikuwepo. Mwaka ule wa sabini na tano serikali yenyewe ilitoa amri mpya ya ajira: mwanamke akijifungua apewe likizo, kisha arudi kazini kwake. Na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyomkabidhi kapteni mmoja kiwanda cha sabuni Wahindi walipofukuzwa. Kapteni sabuni aliijua ya kuogea tu. Rosebella aliporudi kutoka uzazini, askari wa getini alimwambia nafasi yake amepewa shemeji wa kapteni, yeye akalee.

Akalee kwa pesa gani? Alikuwa Mkenya ugenini, mume hana, ndugu hana. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimefyata mkia zamani. Basi wanawake waliofunga sabuni pamoja naye wakamgeukia mwenzao Kulthum.

"Dada Kulthum, Kiswahili ni chako. Hawa wanajeshi hawasikii lugha nyingine. Nenda wewe."

Kichwa kikamvimba kidogo, tuseme ukweli. Babu zake walitoka pwani, na kwao mtu hakurupuki na shida yake kama anayedai kuku wake kwa jirani. Unaanza na salamu. Unaulizia nyumbani, watoto, mama yao, wazee. Ukimaliza ndipo unatoa lililokuleta. Akajitanda mtandio wake mzuri, akabisha mlango wa ofisi.

"Hujambo, afande? Habari za nyumbani?"

"Muzuri."

"Watoto hawajambo? Na mama yao? Nasikia umewahamishia Jinja. Wameshapazoea?"

Kapteni akaweka kikombe chake chini. Masikini Kulthum! Siku zile maofisa walikuwa wakitoweka mmoja mmoja, na kila mwenye akili alikuwa ameificha familia yake. Shemeji ndiye aliyepayuka habari hiyo mbele ya wenzake kazini, na Kulthum akaona kuwaulizia watoto ndiyo adabu.

"Nani naambia wewe watoto yangu iko Jinja?"

"Ni salamu tu, afande."

"Nani natuma wewe hapa?"

Hapo akapata ahueni, maana swali hilo alikuwa na jibu lake.

"Ni Rosebella, afande, yule Mkenya aliyejifungua. Sheria mpya inasema..."

"Mukenya?" Kapteni akasimama. "Mukenya natuma wewe kupeleleza watoto yangu?"

Kulthum akaapa, akalia, akamtaja hata huyo shemeji. Wapi! Kofi likamnyamazisha. Akatiwa garini na askari wawili, awaonyeshe Rosebella anakokaa.

Njia nzima ya Luzira aliwaza kuwapoteza, awapeleke kwenye nyumba yoyote, popote. Lakini aliogopa, Mungu amsamehe, aliogopa mno. "Kata kushoto," akasema kwa kinywa chake mwenyewe. "Ule mlango wa bluu."

Rosebella alikuwa nje anaanika nepi, mtoto kiunoni. Gari liliposimama alishtuka, kisha akamwona Kulthum akishuka na uso wote ukachanua.

"Amekubali!" akapiga kelele, akamkimbilia. "Nilijua, dada Kulthum! Nilijua wewe utamweza! Nianze lini?"

Askari alikwisha kumshika Rosebella mkono, na mtoto alikuwa anateleza, ikabidi Kulthum ampokee.