Mkanda wa Bosi

Yule mama wa Kijerumani alipofunga nyumba yake na kuteremka mlima kwa mara ya mwisho, alimwachia Nikodemo banda lililokuwa zizi la farasi na mtoto mmoja wa mbwa, dume jeusi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya. Nikodemo akamwita Bosi.

Kwa miaka mingi kazi ya Nikodemo ilikuwa moja tu. Mama yule alifundisha mbwa wa ulinzi kwa ajili ya wenye mashamba ya mkonge huko chini tambarare, na mikanda yao ya shingo alishona Nikodemo. Ngozi ya ng'ombe aliiloweka kwenye maji ya magome ya miti ya miwati mpaka ikageuka rangi, akaikata, akaitoboa kwa msharasi, akaishona kwa uzi uliopakwa nta. Kisha Uhuru ukaja, na baada yake Azimio la Arusha. Walowezi wakaondoka mmoja mmoja, mashamba yakawa ya umma, wala hapakuwa tena na mtu wa kuulizia mkanda wa mbwa. Watu wa Lushoto walimletea viatu vya kuziba, nao hawakuwa wengi.

Marta, mkewe, akafariki. Yudith, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Mtae, na barabara ya Mtae wakati wa mvua haipitiki kwa gari wala kwa miguu ya mzee. Basi Nikodemo akawa anazungumza na mbwa. Amri za kazi alimpa kwa Kijerumani, kama alivyozisikia kwa mama: zitsi, akae; plats, alale. Mengine yote alimwambia kwa Kishambaa: habari za ukungu, maumivu ya mgongo, jinsi Marta alivyokuwa akimcheka alipochelewa kanisani. Zilikuwapo siku ambazo jua lilichomoza na kuzama bila binadamu hata mmoja kuisikia sauti yake.

Mwaka wa sabini na nne, mwaka ule wa njaa, walimjia wageni wawili kutoka kijiji kimoja cha upande wa Malindi, ile ya huko huko milimani, si ya pwani. Mwanamume aliitwa Athumani, mwenyekiti wa kijiji. Mwanamke aliitwa Zuhura, mjane wa makamo, aliyekabidhiwa ulinzi wa shamba la ujamaa.

"Shikamoo, mzee," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Karibuni ndani. Huyu haumi."

Athumani aliingia. Zuhura alibaki mlangoni, kakusanya khanga yake asiguswe na mbwa.

"Nguruwe mwitu wanatumaliza, mzee," alisema Athumani. "Mbwa tunao, lakini wakisikia nguruwe, wao ndio wa kwanza kukimbia. Tumeambiwa wako amefundishwa. Anaitwaje?"

"Bosi."

Athumani akacheka. "Mabosi si wameshaondoka? Sisi tutamwita Ndugu."

Nikodemo hakucheka. Alikuwa ameshaelewa walichokifuata.

"Leteni mbwa wenu," alisema. "Nitawashonea mikanda, nitawafundisha."

"Watachukua muda gani?" aliuliza Zuhura.

"Mpaka mwakani huko, labda."

"Hatuna mwakani, mzee. Mahindi yameanza kubeba. Watoto wetu wanakula mizizi."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja jina la mahali alikotoka. Nikodemo aliinamia kiatu alichokuwa akikishona, akapitisha sindano, akaivuta, asione alichokuwa akikifanya.

"Njooni wiki ijayo," alisema hatimaye.

"Kuna jambo, mzee," Zuhura aliongeza. "Mimi ni Mwislamu. Kumlisha nitamlisha, kumwongoza nitamwongoza, ila mate yake yakinigusa nina kazi ya kujitoharisha kabla ya kuswali. Nifanyie kamba ndefu."

"Nitakufanyia, mwanangu."

Bosi hakuwahi kuvaa mkanda. Alikuwa amefundishwa kwa sauti na kwa mkono, kwa kuwa yeye na bwana wake hawakuwa na mahali pa kwenda bila kuwa pamoja. Nikodemo alipomzungushia uzi shingoni ili kuchukua kipimo, mbwa alidhani ni mchezo, akamlamba kifundo cha mkono.

Nje ya mkanda aliweka ngozi ngumu ya ng'ombe, ndani laini ya mbuzi isichubue. Alitia pete mbili za chuma, kamba ikapita humo kwa namna ambayo ikivutwa mkanda unabana kidogo, ikilegezwa unafunguka wenyewe. Alipomaliza aliufumua mshono mmoja usiokuwa na kasoro yoyote, akaushona upya.

Wiki iliyofuata Zuhura akarudi, wakaondoka pamoja, Nikodemo, yeye na mbwa, maana ilibidi aende kumfundisha mwanamke naye. Siku ya kwanza shambani Zuhura aliogopa, akavuta kamba kwa nguvu zake zote, akaishikilia. Bosi alilia, akamgeukia Nikodemo.

"Legeza!" Nikodemo alifoka kwa sauti ambayo hata yeye ilimshtua. Kisha akashuka kwenye dungu, kile kilingo cha kulindia shamba, akamsogelea. "Samahani, mwanangu. Ukivuta, legeza hapo hapo. Mkanda ukikaa umebana, hajui kwamba kosa lake limekwisha."

Zuhura alilegeza. Mbwa alijitikisa, akakaa.

"Kumbe," alisema Zuhura taratibu, kama aliyeambiwa habari ya mtu, si ya mbwa.

Siku zilizofuata alijifunza haraka. Maneno ya Kijerumani yalimshinda, akaweka ya Kishambaa mahali pake, na mbwa akayashika. Alimlisha kwenye kigae, akimsogezea kwa kijiti. Mara kadhaa Nikodemo, akiwa juu ya dungu, alimsikia akimsimulia mbwa habari za marehemu mumewe, akidhani hakuna anayemsikia.

Jioni moja, kabla giza halijaingia, nguruwe walitoka msituni, kundi zima. Bosi alisimama, manyoya ya mgongo yamemwinuka. Nikodemo, kwa mazoea, alimwita jina. Mbwa aligeuza kichwa, akamtazama. Kisha akamtazama Zuhura, akangoja.

Zuhura alishika kamba mpaka kundi lilipoikaribia mistari ya mahindi. Halafu akaachia, akatamka neno lake. Bosi alikwenda kama jiwe lililorushwa. Nguruwe walikatiza bonde wakipiga kelele, wanakijiji wakawafuata kwa madebe na mienge, na usiku ule hakuna hindi lililoguswa.

Walimpa Nikodemo kiti. Walimletea bada, ugali wa muhogo, na mboga, Athumani akamnawisha mikono mwenyewe mbele ya watu. Asubuhi Zuhura alimkuta akifunga furushi lake.

"Kaa na sisi, mzee. Kijiji kitakujengea. Mbwa wetu wengine watavaa nini?"

"Nitawashonea, nitawaleteeni."

"Ukae basi."

Nikodemo alitaka kumwambia kwamba kaburi la Marta liko kule kwake na halina mtu mwingine wa kulipalilia. Alitaka kumwambia pia kwamba hangeweza kumwona Bosi kila siku akimpita kumfuata mtu mwingine, ilhali yeye ndiye aliyemfundisha hivyo. Lakini kwa miaka mingi alikuwa hajamweleza mtu jambo la namna hiyo, na hakujua linaanzia wapi.

"Kwaheri, mwanangu," alisema. "Umemshika vizuri."

Bosi alimsindikiza mpaka urefu wa kamba ulipokomea. Hapo akakaa, kama alivyofundishwa.

Nikodemo alifika kwake jua likiwa limeinama. Alifungua mlango, akawasha moto, akateka maji, akasonga ugali. Ulipoiva akaukata vipande viwili, kimoja akakiweka kwenye bati la Bosi, akatoka nalo mpaka kizingitini. Akasimama pale kwa muda, bati mkononi, ukungu ukipanda kutoka bondeni. Kisha akarudi ndani, akala sehemu yake, na ile nyingine akaifunika, akaila asubuhi ikiwa baridi kabla ya kukaa kwenye kigoda na kuanza kukata ngozi kwa ajili ya mbwa wa Malindi.