Asante ya Zulma

Huko Paysandú, nchini Uruguay, mtu akikurudishia kibuyu cha chai chungu akasema asante, ametosheka, usimmiminie tena. Zulma na mumewe Ademar walilichukua neno hilo wakaliingiza chumbani. Humo mke ndiye aliyeamuru, na Ademar, fundi mwashi mwenye mabega ya fahali, ndiye aliyepiga magoti na kufungwa kamba, kwa hiari na raha yake. Akisema asante, anafunguliwa bila maswali.

Jumapili moja mchana, mikono ikiwa imefungwa, Ademar aliomba jambo jipya.

"Nitukane, bibi yangu. Kicheke ki-kigugumizi changu."

 Kamba Zulma aliiweza, amri aliziweza, lakini hili hapana. Akaogopa pia: mwenye kuamuru akishindwa, mumewe atamtii tena?

"Asante," akasema.

"U-unanishukuru nini, na sijafanya kitu?" Halafu Ademar akaelewa. "Kumbe na wewe unalitumia."

"Nalitumia. Kigugumizi chako nakipenda, mzee. Sikitukani hata ukinipigia magoti."

"Si nimeshapiga?"

Wakacheka mpaka Zulma akashindwa kufungua mafundo.

"Hutaniona mnyonge?" akauliza Zulma alipokwisha kuyafungua, akimsugua mikono.

"Nikilisema mimi, unaniona mnyonge?"

"Hata siku moja."

"Basi nyoosha miguu, bibi yangu. Leo umechoka kunitawala."

Zulma akainyoosha, naye Ademar akaikanda taratibu, bila kuamriwa.