Waya Kwenye Tawi la Chini

Begi langu lilikuwa limeshatupwa ndani ya lori la Gaston, injini inanguruma, na mimi bado nimesimama chini ya msonobari wa Reino Kangas, upinde mkononi. Gaston alikuwa anapeleka magogo Duluth, na huko bandarini nilishapata kazi ya kupaka rangi. Akapiga honi.

"Orrin! Unaufunga huo mti au unauposa?"

"Dakika mbili!"

"Ulisema hivyo kwenye mshale wa tatu. Huu wa ngapi?"

Ulikuwa wa saba. Kila mshale ulivuta nyuma yake mshipi mwembamba wa kuvulia samaki. Ukivuka kilele na kuangukia ng'ambo, unafunga kamba kwenye mshipi, mshipi unavuta kamba, kamba inavuta waya wa antena ya redio ya Reino. Mti ule ulikuwa na futi tisini, na jana yake nilikuwa nimejigamba mezani kwa Reino, mdomo umejaa chakula chake, kwamba mshale mmoja ungetosha.

Wa saba ulivuka tawi lililokuwa futi thelathini tu kutoka ardhini. Nikatazama juu, nikatazama lori. Nikafunga kamba hapohapo na kuvuta waya.

Reino alikuwa barazani, uso ameuelekeza kwangu. Baruti ya mgodini ilimpofusha kabla sijamjua.

"Umepita kileleni?"

"Kileleni kabisa, mzee. Futi tisini."

"Umenifaa sana, kijana."

Akanipa mikate minne ya nyama, bado ya moto, imefungwa kwenye gazeti. Tulikula njiani, mimi na Gaston, tukicheka.

Reino alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake Urho, aliyehamia Australia kuchimba shaba Mount Isa. Kila Jumapili alfajiri, kule kwa Urho kukiwa usiku, waliitana kwa redio kwa milio mifupi na mirefu, mpaka dhoruba ya Septemba ilipoangusha mti wa zamani pamoja na antena. Waya wa namna ile ukiwa juu, mawimbi yanafika upande wa pili wa dunia. Ukiwa chini, nguvu nyingi inapanda wima angani juu ya paa lako na kurudi kuangukia mikoa ya jirani tu. Hilo nilikuwa nalijua. Ningekuwa sijui, nisingeandika haya.

Nilirudi Aprili, theluji bado iko vichakani. Redio ilikuwa imefunikwa blanketi. Lempi, jirani aliyekuwa akimpikia, alinimiminia kahawa.

"Masikio yamekwisha, kijana," Reino akasema. "Yalianza macho, sasa masikio. Tangu uuweke ule waya Oktoba, sijamsikia Urho hata mara moja."

"Masikio gani!" Lempi akaja juu. "Nikifungua kopo la biskuti kule stoo anasikia! Nimempeleka kwa daktari mara mbili, anasema mazima."

"Daktari mwongo. Redio nzima, waya uko futi tisini, kimebaki nini?"

"Na kila Jumapili ananiuliza kama waya bado uko mtini. Nachungulia, nauona. Si uko?" Lempi alinigeukia. Mambo ya antena hakuyajua, kwake waya mtini ni waya mtini.

"Uko," nikasema.

Nilipanga kungoja Reino alale mchana, nipige mishale yangu kimyakimya, niinue waya, kisha nimwambie ajaribu tena. Angesikia, angefurahi, na mimi ningeshukuriwa mara ya pili. Nilishaanza hata kuangalia upepo dirishani.

Ndipo aliposimama, akaipapasa redio na kuisukuma kwangu.

"Ichukue. Ndiwe uliyehangaika nami. Mimi ya nini tena?"

Mikono yangu ilikataa kuipokea.

"Mzee, waya haukupita kileleni."

"Uko wapi?"

"Tawi la chini."

"Futi ngapi?"

"Thelathini."

"Ulisema tisini."

"Nilisema."

Lempi alinitazama, akachukua kikombe changu kikiwa bado na kahawa, akakimwaga kwenye sinki.

"Nilimwita yule daktari mwongo," Reino akasema. "Mbele ya watu."

Siku ile nilipiga mishale kumi na mmoja. Wa mwisho ulipita kileleni, nikauinua waya. Jumapili nilikuwa chumbani mwake alipovaa vipokea sauti na kuita. Aliita mara nne. Kisha mabega yake yakashuka, kidole kikaanza kugonga kitufe haraka kumjibu Urho, na machozi yakashuka hadi kwenye ndevu. Nikasogea nisikie.

"Toka nje," akasema, bila kugeuka.

Nikatoka.

Reino na Urho waliendelea kuitana mpaka 1983, mapafu yalipomuua Urho. Reino alikufa miaka miwili baadaye. Lempi alihamia kwa binti yake Green Bay. Gaston aliacha malori, akawa anauza chambo. Wenye nyumba wapya walikata msonobari. Mimi nilifanya kazi Thunder Bay, Fargo, Butte na kwingine. Reino alinitumia salamu mara mbili kupitia kwa Gaston. Sikurudi.