Hema la Upande wa Chini

Asaad alinunua mahema mawili ya rangi moja na ukubwa mmoja, kutoka duka moja, ili pasiwe na neno. Magodoro yalikuwa sawa, taa sawa, hata ndoo za maji zilifanana. Aliya aliyatazama yakishushwa garini, akatafuta tofauti asiione, na kutoiona kukamwudhi zaidi.

Alikuwa mke wa Asaad kwa miaka tisa. Nihal, mke mdogo, alikuwa na miaka mitatu katika nyumba ya Muheza, ambako Asaad alinunua machungwa na kuyapakia malori. Aliya aliishi Tanga mjini na wanawe wawili, Rawan wa miaka saba na Wael wa minne. Nihal alikuwa na mmoja, Turki, ambaye ndiyo kwanza alianza kukimbia bila kuanguka. Wake wenza hawa walikuwa wamekutana mara mbili tu, zote msibani, ambako mtu ana sababu ya kuinamisha uso.

"Watoto ni ndugu, lazima wajuane," Asaad alikuwa amesema. "Shule zimefungwa. Tukapige kambi ufukweni siku mbili."

"Ufukwe gani?"

"Kule Moa, shambani kwa marehemu baba yako. Nimeshazungumza na kaka yako, hana kipingamizi."

Aliya alikuwa nacho. Lakini mwanamke akikataa jambo kama hilo huambiwa ana roho mbaya, kwa hiyo akakaanga kababu za njiani, akafunga nguo za watoto. Garini kiti cha mbele alikalishwa Rawan, na wanawake wawili wakakaa nyuma, Wael katikati yao, mpaka Moa. Nihal alijaribu kuzungumza habari za joto. Aliya akajibu, "Ndiyo, joto," akageukia dirisha.

Walifika mchana, maji yamekupwa mbali. Aliya alichagua haraka mahali pake, juu, chini ya minazi ya baba yake.

"Basi mimi nitakaa huku chini," alisema Nihal, "Turki apate mchanga wa kuchezea."

Asaad aliutazama mstari wa mwani mkavu uliolala ufukweni, akaonyesha kwa kidole. "Maji yanaishia pale. Hapa ni salama."

Aliya alizaliwa hatua chache kutoka hapo. Jana yake alikuwa ameuona mwezi mpevu kutoka kibarazani, akajua kwamba siku za bamvua zimeingia, siku ambazo maji hupanda kuliko kawaida. Ule mwani ulikuwa wa juma lililopita, maji yalipokuwa madogo. Leo jioni bahari ingeupita mstari ule na kukaribia mizizi ya minazi.

Akafungua kinywa aseme. Wakati huohuo Asaad aliinama, akamnyanyua Turki na kumweka mabegani, akakimbia naye ufukweni huku akinguruma kama lori linalopanda mlima. Mtoto alicheka mpaka akapaliwa. Nihal alicheka pia, kiganja kinywani.

Aliya akafunga kinywa.

Hakuwahi kumwona Asaad akicheza hivyo. Rawan alipozaliwa, Asaad aliogopa kumshika, akisema shingo yake laini. Wael alipolia usiku, Asaad alihamia chumba cha wageni. Aliya ndiye aliyemfundisha kidogo kidogo, huku akigombana naye, akinuna, akimwekea mtoto mikononi kwa nguvu. Miaka ilipita ndipo mume akawa baba. Na sasa ubaba ule uliomgharimu yeye ulikuwa unatumika kule, kwa mtoto wa mwingine, nao watoto wake wamesimama kando wanatazama. Wael alikuwa amenyoosha mikono juu, akingoja zamu yake. Asaad hakumwona.

Chakula cha mchana kilimaliza uvumilivu uliobaki. Rawan, ambaye nyumbani hakutaka hata harufu ya samaki, aliomba mara ya pili samaki wa chukuchuku aliyepikwa na Nihal.

"Mamdogo anatoa miiba yote kwanza," Rawan alimweleza mama yake kwa furaha, bila kujua anasema nini.

Baada ya kula Asaad aliondoka na gari kwenda kijijini kutafuta barafu na maji ya kunywa. Nihal alimlaza Turki ndani ya hema, akafunga zipu nusu ili hewa ipite, kisha akakusanya sufuria.

"Da Aliya, nakwenda kisimani kuosha vyombo. Turki kalala. Utanisikilizia?"

"Nenda tu."

Rawan na Wael walikuwa wakichimba mashimo ya kaa nyuma ya minazi. Aliya aliketi kwenye mkeka, akaitazama bahari ikija. Ilikuja taratibu kama ijavyo siku zote, ikijaza nyayo za watu. Ikafika kwenye mwani. Ikaunyanyua, ikausogeza.

Nitamtoa mtoto, alijiambia. Godoro ndilo litalowa, na zile nguo za Nihal zilizopigwa pasi. Alitaka Nihal arudi akute hema limejaa maji na mwanawe mkavu mikononi mwa Aliya. Alitaka Asaad aone ni nani kati yao anayejua kulinda kitu. Bado kidogo, alijiambia. Povu likagusa kamba ya kwanza.

Wimbi lililofuata lilikuwa kubwa kuliko yote aliyoyazoea. Lilipita chini ya hema, likazoa mchanga, na vigingi viwili vya upande wa bahari vikang'oka. Hema likalala. Lililokuwa chumba likawa kitambaa kilicholowa, na chini ya kitambaa kitu kidogo kikaanza kurusha miguu.

Aliya alikimbia. Maji yalimfika magotini. Alitafuta zipu asiipate. Alipapasa kitambaa, akakishika kichwa, kikamponyoka, akakishika tena. Wimbi jingine likamwangusha juu ya hema, akajua kwamba sasa anamkandamiza yeye mwenyewe. Akajisukuma pembeni, akalisikia tundu la mlango kwa vidole, akalirarua mpaka mwisho, akamvuta Turki kwa mkono mmoja.

Mtoto hakulia. Aliya alimgeuza, akampiga mgongoni, akampiga tena. Maji yakamtoka puani, na ndipo alipolia.

Nihal alikuwa anakuja mbio kutoka kisimani, sufuria zimeanguka nyuma yake. Alimpokea mwanawe, akamkumbatia, akambusu kichwa na miguu. Kisha akalitazama hema lake lililokuwa likielea, akalitazama hema la juu, kavu.

"Wewe umezaliwa hapa," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua."

Aliya alitafuta jibu jingine. "Nilijua godoro litalowa."

"Mtoto nilikuachia wewe," alisema Nihal. Hakupaza sauti.

Asaad aliporudi aliwakuta wamekaa mbalimbali, Turki amefungwa khanga. Rawan ndiye aliyemsimulia, kwa mikono na miguu: maji, hema, mama alivyoruka. Asaad alimwendea Aliya, akamshika mabega mbele ya mwenzake.

"Mama Rawan! Umemwokoa mwanangu. Mungu akupe nini, nami nikulipe nini?"

Siku nzima Aliya alikuwa akiyangoja macho yale. Sasa yalimchoma. Alimtazama Nihal, akingoja aseme. Nihal alikuwa anamkausha Turki masikio.

"Nilijua maji yatafika pale," alisema Aliya. "Nilijua tangu mchana. Nikanyamaza."

Asaad aliondoa mikono. "Kwa nini?"

"Wael alinyoosha mikono umbebe, hukumwona. Hujawahi kumbeba hivyo."

Haikuwa sababu, na alilijua hilo wakati anaitamka. Asaad akamgeukia Wael aliyekuwa akila barafu, kama mtu anayetafuta kitu ambacho hakujua kimepotea.

"Fungeni vitu," alisema mwishowe. "Tunarudi."

"Watoto wameahidiwa siku mbili," alisema Nihal. "Wewe utalala garini. Sisi sote tutalala katika hema la Da Aliya. Sitaki kuwa mahali nisipomwona."

Kabla ya magharibi wanawake walikamua blanketi lililolowa, mmoja huku, mwingine kule, wakilisokota mpaka maji yakachuruzika.

"Usidhani nimekusamehe," alisema Nihal.

"Sijaomba."

"Utaomba lini?"

Aliya alisokota kwa nguvu. "Wivu ukipungua. Kwa sasa nitakuwa nasema uongo."

Nihal naye alisokota upande wake. Kisha akasema, huku akiangalia blanketi, "Unanionea mimi wivu? Akighafilika, pale kwangu, ananiita Mama Rawan. Miaka mitatu. Naitika, nifanyeje?"

Furaha ilimpanda Aliya kifuani, furaha mbaya, asiyoweza kuizuia. Aliinamisha uso haraka akajifanya anatafuta pembe ya blanketi, ili yule mwanamke, ambaye mwanawe alikaribia kufa kwa sababu yake, asiione.