Beseni la Tatu

Sekela alirudi kutoka soko la Temeke Sterio na mchele kichwani, akakuta mabeseni manne yamepangwa uani, na katika kila beseni imelowekwa nguo ya marehemu mumewe.

Hilo peke yake halikumshtua. Kesho yake ilikuwa arobaini ya Adelard, na siku hiyo nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake. Nguo haigawiwi mpaka ifuliwe na kupigwa pasi. Wifi yake Auleria, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa ametoka Kinondoni alfajiri kuja Keko kwa kazi hiyo. Kilichomshtua ni simu. Ilikuwa juu ya stuli, imeegemezwa kwenye ndoo, na Auleria alikuwa akizungumza nayo kwa sauti ya redioni.

"Wapendwa wateja wangu, sasa tupo beseni la nne, kidonge cha kijani. Cha kwanza mmeona wenyewe, povu kama lote, doa lipo palepale. Cha pili kinanukia vizuri, basi, kunukia tu. Lakini kile cha tatu, jamani! Cha tatu ni moto!"

Auleria aliuza vidonge vya kufulia, ile sabuni nzito ya maji iliyofungwa ndani ya ngozi laini inayoyeyuka, ukiishika kwa mkono mbichi inakugandia. Vilitengenezwa kwa ajili ya mashine, lakini wateja wake wengi mashine waliziona madukani tu, kwa hiyo ilimbidi awaonyeshe kwamba hata kwenye beseni vinafanya kazi. Alikuwa ameletewa aina nne mpya na hakujua aagize ipi kwa wingi.

Sekela alishusha mchele, akainama juu ya beseni la kwanza. Shati jeupe la kanisani lilikuwa na doa la manjano kifuani.

"Hili shati nililifua mwenyewe," alisema. "Hili doa limetoka wapi?"

Auleria alizima simu. "Umerudi, wifi! Pole na jua. Hilo ni mchuzi tu wa jana, nililiwekea kidogo. Sasa ningejaribu vipi sabuni kwenye nguo safi?"

"Umelimwagia mchuzi shati la Ade?"

"Kijiko kimoja, wifi. Litatoka, hiki kidonge cha kwanza ndicho kibovu."

Hamida, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa amekaa kizingitini akichambua dagaa. Hakuinua uso. "Nilimwambia angoje," alisema. "Mie nilimwambia."

Ndipo Sekela alipotazama beseni la tatu. Maji yalikuwa meusi kama ya kuoshea sufuria za shughuli, na juu yake ilielea kola ya bluu.

Alikimbilia chumbani. Msumari nyuma ya mlango ulikuwa mtupu.

Lilikuwa koti la kazi. Adelard alikuwa seremala, banda lake lilikuwa pale barabarani pamoja na mafundi wengine wa Keko, na mkono wa kushoto wa koti hilo ndio uliokuwa daftari lake. Karatasi, alikuwa akisema, inapotea kwenye maranda. Kwa hiyo alipima, akatoa penseli sikioni, akaandika kwenye mkono wa koti: mlango huu, dirisha lile, kitanda cha nani. Ikifika Jumamosi Sekela alilifua koti kwa sabuni ya mche, akalisugua mpaka mkono ule ukawa mtupu, na Jumatatu Adelard akaanza kuandika upya.

Shule aliiachia darasa la nne. Hakuwahi kumwandikia Sekela barua, wala ujumbe wa simu. Akiwa na neno alipiga, akasema, akakata. Lakini wiki ile ya mwisho, jioni ya Jumanne, alimkalisha mkewe kitandani, akavuta futi yake ya kupimia kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, sentimita thelathini na nane.

"Viti vyote vya nyumba hii vimekushinda," alimwambia. "Miguu inaning'inia kama mtoto yuko misani. Ndiyo maana inavimba."

Akaandika kwenye mkono wa koti: Sekela 38. Alhamisi akafariki. Jumamosi hakuna aliyefua.

Siku thelathini na tisa koti lilikaa msumarini. Lilinuka gundi na jasho, sawa, lakini Sekela hakulitunza kwa ajili ya harufu. Alilitunza kwa sababu ya neno moja na tarakimu mbili. Hapakuwa na mahali pengine popote duniani mwanamume yule alipokuwa ameliandika jina la mkewe.

Alirudi uani, akalitoa koti kwenye beseni. Mkono wa kushoto ulikuwa mweupe-bluu, safi, kama umetoka dukani leo.

"Umeona?" Auleria alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Dakika ishirini tu. Sijasugua hata."

"Nani alikuambia koti hili linagawiwa?"

"Nguo za marehemu zinagawiwa zote, wifi. Na haziendi kwa watu zikiwa chafu. Kwetu hivyo ndivyo."

"Nakuuliza nani alikuambia uingie chumbani kwangu, ufunge mlango, utazame nyuma yake!"

"Mbona unanipigia kelele? Nilidhani nakusaidia."

"Hukudhani! Ulikuwa unatafuta uchafu wa kurekodi! Mashati yote umeyakuta safi, mchuzi wangu ukaisha, ukaenda kutafuta uchafu wa kweli. Mdogo wako hajafikisha hata arobaini, umeshamfanya tangazo la sabuni!"

Hamida aliacha dagaa. Ng'ambo ya ukuta redio ya jirani ilipunguzwa.

"Sekela," Auleria alisema taratibu, "ni koti la kazi. Lilikuwa chafu."

"Rudia."

"Lilikuwa..."

"Lete hiyo simu. Nionyeshe ulivyowaambia watu."

Auleria alisita, kisha akaifungua. Video ya beseni la tatu ilikuwa imeshakwenda kwenye kundi la wateja mia mbili na kitu. Koti lilionekana limetandazwa kwenye mkeka, kidole chenye rangi ya kucha kikitembea juu ya mkono wake. "Uchafu wa fundi huu," ilisema sauti ya Auleria, "mafuta, penseli sijui nini, umegandaaa! Tuone kama kidonge chetu kitauweza." Kidole kilisimama. Chini yake, kubwa, ikiwa na S iliyolala kidogo, ilisomeka: Sekela 38.

Auleria aliirudisha nyuma. Akaitazama tena, safari hii bila kusikiliza.

"Ni jina lako," alisema. "Aliandika mwenyewe?"

"Nani mwingine? Alikuwa ananipimia kiti."

"Ade alikuwa haandiki. Barua za kwenda kwetu Bukoba nilikuwa namwandikia mie. Hata alipokuja kukuposa, ile barua..." Alijipangusa povu kwenye kanga, mikono yote miwili, akaendelea kujipangusa hata ilipokauka. "Ngoja niifute, wifi. Naifuta sasa hivi."

"Usiguse!"

Auleria aliganda, dole gumba hewani.

Ilimuuma Sekela kwamba ule mwandiko ulikuwa umebaki hapo tu, ndani ya tangazo, chini ya kidole kile. Ilimuuma pia kukumbuka Jumamosi zake zote na sabuni yake ya mche, lakini hilo hakumwambia mtu.

"Nitumie mie kwanza," alisema. "Halafu ifute. Halafu urekodi nyingine."

"Niseme nini?"

"Umesema ni uchafu mbele ya watu mia mbili. Utasema mbele ya haohao."

Hamida ndiye aliyeishika simu, vidole vyake vikinuka dagaa. Auleria alisimama kati ya mabeseni. Mara ya kwanza alianza na "Wapendwa wateja," Sekela akamkatiza. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu alisema:

"Lile koti halikuwa chafu. Ule ulikuwa mwandiko wa mdogo wangu, fundi Adelard wa Keko. Alikuwa anampimia mke wake kiti. Nimeufuta mie."

Hamida alituma. Wakangoja, koti likichuruzika mikononi mwa Sekela. Simu ikalia. Auleria akaisoma, akataka kuificha, lakini Sekela alikuwa ameshaona. Mteja aliuliza: *Pole dada. Kile cha beseni la tatu pakiti bei gani?*

Sekela alizikusanya pakiti zote nne, akazitia kwenye mkoba wa wifi yake, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Kesho njoo mapema tupike," alisema. "Njoo mikono mitupu. Hapa kwangu tunafulia sabuni ya mche."

Kisha akaingia ndani na koti, akalitundika likiwa bichi kwenye msumari wake.