Kitendawili cha Nesi Jerioth

Kila alichoulizwa, Nazaire alijibu hapana. Presha? Hapana. Kuchoka mchana? Hapana. Kukoroma?

"Mimi nalala kama mtoto mchanga, nesi."

Mkewe, Léoncie, alitazama sakafu ya hospitali. Katika kambi ya wakimbizi walifundishana hivyo: ukiulizwa afya kabla ya safari ya Amerika, sema mzima. Aliyekohoa mbele ya daktari, ndege ilimwacha. Sasa wako Haltom City, Amerika, Nazaire anabeba maboksi ghalani, lakini ulimi wake bado uko kambini. Wiki ijayo alikuwa apasuliwe ngiri, na aliogopa wakimkuta na lolote watamrudisha nyumbani na maumivu yake.

Nesi Jerioth, Mkenya mwenye sauti ya kubembeleza, hakubishana. Alizungusha utepe wa kupimia kwenye shingo nene ya Nazaire, akaguna, akamgeukia mkewe.

"Mama Armel, kitendawili!"

"Tega!" Neno lilimtoka Léoncie kabla hajafikiri.

"Kwangu kuna ngoma. Ikilia, silali. Ikinyamaza, ndipo naogopa."

Léoncie alicheka hadi akashika ubavu. "Huyo si ndiye mume wangu! Anakoroma weee, halafu kimya, hata pumzi hatoi. Nikimpiga kiwiko anashtuka kama mtu aliyetolewa majini."

"Léoncie! Umeniuza!"

"Nikuuze kwa nani? Nani atanunua kelele hizo?"

Jerioth naye alicheka, kisha akavuta kiti. "Mzee, hakuna anayekunyima operesheni. Lakini dawa ya usingizi hulegeza koo, na koo lako linajiziba hata bila dawa. Tusipojua mapema, unaweza kunyamaza moja kwa moja."

Nazaire akajishika shingo. "Basi nipimeni."

Alilala kwake na kifaa kidogo kifuani na kingine kidoleni. Majibu yalitisha: pumzi ilikuwa ikikatika usiku kucha. Operesheni ikaahirishwa, akapewa mashine ya kumpulizia hewa puani. Aliinung'unikia sana, ila mwenyewe akaona hasinzii tena kwenye misa.

Siku ya kupasuliwa, daktari wa dawa ya usingizi alijua kila kitu. Léoncie alipoitwa ndani, alimkuta mumewe ameinuliwa kichwa, mashine puani. Jerioth, aliyekwisha kumaliza zamu, alikuwa amepita kumjulia hali. Léoncie alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Keti, mama. Amepita salama."

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Alikuwa akitazama kifua cha Nazaire. Kilipanda, kikashuka, kikapanda tena.